Trekta Halikujua Pa Kusimama

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi kivuko kiligusa gati la Kamanga, na lori lililobeba sanduku la trekta letu likawa la kwanza kushuka. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu niliitazama makusudi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa mjini, na huko nilizoea kuandika saa ya kuwasha mashine na saa ya kuizima. Mtu akijua mashine ilianza lini, anajua pia lini ataibadilishia mafuta.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameruhusiwa, wakaja na mizani yao na fedha taslimu, na ushirika uliotulisha haukuweza kushindana nao. Tulipewa kiinua mgongo na barua ya shukrani. Wenzangu kadhaa walifungua vibanda vya mitumba pale Mirongo. Mimi biashara sikuijua. Nilichojua ni mashine, na hata hizo nilijifunza kwenye vitabu, jioni baada ya kazi, kamusi ikiwa pembeni, maana shule niliishia darasa la nane.

Mwaka huohuo kaka yangu mkubwa alifariki. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani, ng'ambo ya ziwa, akililima shamba la baba kwa maksai sita. Aliugua kifua muda mfupi tu. Aliacha mke, ambaye ni shemeji yangu. Alimwacha mama yetu, mzee ambaye macho yake yalikwishafunikwa na ukungu. Aliacha ekari kumi na mbili za shamba na wale maksai. Nikaona sina sababu ya kuendelea kukaa mjini. Niliuza kiwanja changu cha Mkolani, nikachanganya na kiinua mgongo, na mwezi wa nane nikawapeleka maksai wote sita mnadani. Fedha zikatosha trekta dogo jipya, pamoja na plau, haro ya kuvunjia mabonge na tela.

Mwezi wa tisa nilitayarisha shamba. Kitabu cha maelekezo, ambacho muuzaji alinipa mapema, kilisema shamba la trekta lisiwe na visiki wala mawe. Nikaajiri watu. Tuliing'oa migunga miwili iliyokuwa katikati, tukachimba mabaki ya ua wa minyaa, tukakusanya mawe yote na kuyarundika pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mtu aliweza kusimama mwanzo wa shamba lile akaona mwisho wake bila kitu chochote cha kumzuia. Nilijivunia kazi hiyo.

Siku trekta lilipofika, fundi wa muuzaji alikuja nalo. Alikuwa mtu mnene wa makamo, mwenye kupenda maneno. Tulilivunja sanduku uani. Trekta lilikuwa limekaa humo bila magurudumu, limefungwa kwa vyuma chini ya tumbo, rangi yake haijaguswa na mkono wa mtu.

"Kitabu umekisoma chote, mzee?" fundi aliniuliza.

"Mara mbili."

"Basi mimi nimefuata nini huku? Si ningebaki kwangu nikanywa chai."

Tulifunga magurudumu, na nati tulizikaza kwa kukingamisha, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, ili gurudumu likae sawa. Tulitia maji ya betri, tukapima mafuta ya injini na ya giaboksi, tukapaka grisi kila mahali palipoonyeshwa kwenye mchoro. Upana kati ya magurudumu ya nyuma niliuweka kulingana na matuta ya pamba ya kwetu. Fundi alisema ningeuacha kama ulivyotoka kiwandani. Sikumsikiliza.

Kazi iliyowavuta majirani ilikuwa ya maji. Trekta jepesi huteleza likivuta plau, kwa hiyo kitabu kilielekeza magurudumu ya nyuma yajazwe maji robo tatu ili yawe mazito. Shemeji na wanawake wawili wa jirani walipanda na kushuka na ndoo kutoka ziwani, na sisi tukayasukuma maji kwa pampu ya mkono kupitia mdomo wa tairi.

"Mitungi yetu ndani mikavu," alisema mmoja wa wale wanawake, akitua ndoo, "na hapa tunanywesha mpira."

"Nywesheni," fundi akamjibu. "Huyu akishiba halali njaa mtu."

Alasiri tuliliwasha. Lilikohoa moshi mweupe, kisha likatulia kwenye mngurumo mmoja, laini, usiopanda wala kushuka. Nilipanda kitini nikawa nalisemesha bila kujijua, taratibu, twende, kama kaka alivyokuwa akiwasemesha maksai. Fundi akacheka.

"Mzee, hili halisikii. Hapo ni kukanyaga tu."

Mama aliletwa kwa kushikwa mkono. Alilipapasa gurudumu la nyuma, akapapasa plau, akaupima kwa kiganja ule mkono wa chuma unaoinyanyua na kuishusha. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na pale kwa baba yenu, litasimama?"

"Litasimama, mama," nikamjibu. "Lina breki nzuri."

Fundi alicheka, na mimi nilicheka. Shemeji hakucheka.

Ni lazima nieleze mama alikuwa anauliza nini. Baba yetu alizikwa zizini. Ndivyo walivyozikwa wenye miji, yaani wakuu wa kaya, kwetu wakati huo: katikati ya zizi, kisha ng'ombe wakarudishwa ndani, wakakanyaga mpaka ardhi ikawa sawa. Halikujengwa kaburi wala hakikuwekwa kibao. Mimi nilikuwa shule ya bweni, na niliporudi likizo nilikuta zizi kama nilivyoliacha, ila mtu mmoja hayupo. Miaka michache baadaye watu wote tulihamishiwa kijijini, kando ya barabara. Nyumba zetu za zamani zilibomoka, na nguzo za zizi zikawa kuni za yeyote aliyepita. Tuliporuhusiwa kurudi kulima, si kuishi, pale palipokuwa mji wa baba pakawa katikati ya shamba la pamba.

Kaka alijua mahali penyewe, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa waliochimba. Kila msimu, plau ilipofika pale, aliwasimamisha maksai, akavua kofia, akasema maneno machache, akaishikilia plau juujuu hatua chache, kisha akaendelea. Baada ya misimu kadhaa hakuwa na haja ya kuwasimamisha. Walisimama wenyewe, na waliondoka wenyewe waliposikia yale maneno. Hata walipozeeka baadhi yao na kubadilishwa, wapya walifungwa nira pamoja na wa zamani wakajifunza kwao. Niliwahi kuliona jambo hilo mara moja, nikiwa nimekuja kumsalimia kaka, na nikadhani ng'ombe wanapumzika.

Jioni ile, fundi akiwa amekwisha kuondoka, mama aliniita karibu.

"Mwanangu, mimi siendi kuzikwa makaburini kwa kanisa, pale barabarani. Padri nilishamwambia, amekubali. Mtanilaza ubavuni kwa baba yenu, upande wa kushoto, kama nilivyolala miaka yote. Kaka yako alikuwa anajua. Sasa ni wewe."

"Sawa, mama," nilisema. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Shamba nililijua.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilianza kulima. Siku moja ilitosha zaidi ya nusu ya shamba, kazi ambayo kaka aliifanya kwa wiki mbili. Plau ilikata kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na udongo ulipinduka ukalala kwa mistari iliyonyooka. Mara mbili tu trekta lilizimika lenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa upande wa juu, majirani wakitazama.

"Mzee wa zizini mwenyewe kakataa!" mmoja akapaza sauti. "Kashika usukani!"

Niliwasha tena, likaenda. Saa moja baadaye likazimika upande wa chini, mbali kabisa na pale pa kwanza. Safari hii wakaanza kubishana ni wapi hasa mzee amekataa. Nilifungua mpira wa dizeli nikakuta hewa. Nikaitoa kama kitabu kinavyoeleza, nikakaza, na tangu hapo halikuzimika.

Usiku mama aliniuliza, "Lilisimama?"

"Lilisimama mara mbili, mama. Ilikuwa hewa kwenye mpira wa mafuta."

"Mara mbili mahali pamoja?"

"Hapana. Pawili."

"Baba yenu hakuwa mtu wa mahali pawili," akasema. "Basi hukumpata. Umempita."

Asubuhi nilimwomba shemeji anionyeshe pale kaka alipokuwa akisimama. Alikuwa amempelekea uji shambani miaka yote hiyo, na maneno yale alikuwa ameyasikia kwa masikio yake. Alitembea kwenye udongo uliopinduliwa, taratibu, akasimama, akageuka huku na huku. Akarudi hatua kadhaa. Akasimama tena.

"Nilikuwa nikija na njia hii," alisema, "na mgunga ule mkubwa unakuwa begani kwangu. Yeye anakuwa mbele yake kidogo. Shemeji, mgunga uko wapi?"

"Niliung'oa."

"Na ule mdogo?"

"Niliung'oa pia."

Hakunilaumu. Aliendelea kuzunguka, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake gizani akakuta vyombo vimehamishwa. Baada ya muda alisema huenda ni hapa, kisha akasema huenda ni pale, na kati ya hapa na pale palikuwa na umbali wa kutosha kujenga nyumba.

Sijui niiseme vipi hali iliyofuata bila kuikuza. Siamini vitu vingi. Lakini tangu asubuhi ile shamba lote likawa kaburi. Kila nilipoweka mguu, ilikuwa inawezekana ndipo. Nilipolitoa trekta kwenda kumalizia sehemu iliyobaki, nilijikuta nikiendesha huku nimebana pumzi, na plau ilipogonga kitu kigumu nilizima, nikashuka, nikachimba kwa mikono. Mara moja lilikuwa jiwe dogo, mara nyingine mzizi wa mgunga. Siku ya tatu niliinua plau nikalirudisha trekta uani. Majirani walikuwa wanapanda. Mimi niliacha msimu uendelee bila mimi.

Jioni nilikuwa naketi kwenye kiti cha trekta, limezimwa. Kwenye ukuta wa banda zilining'inia nira za kaka, zile nilizosahau kuziuza, mbao zake zimelainishwa na shingo za ng'ombe mpaka zinang'aa. Nilikuwa naisikia sauti yake akiwaita maksai. Nilijua ni kumbukumbu tu. Hata hivyo nilikuwa nageuka kutazama.

Mwezi wa kumi na mbili miguu ya mama ilianza kuvimba. Daktari wa zahanati alisema ni moyo, na kwamba hakuna anachoweza kuahidi. Mama hakuuliza tena habari za trekta. Alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu, kila asubuhi baada ya kuitikia shikamoo yangu: "Umempata?"

Nilianza kufanya kazi kwa utaratibu. Nilimkalisha mama nikamwuliza lolote alilokumbuka kuhusu zizi. Alikumbuka mengi yasiyonisaidia, ila moja likanisaidia. Mlango wa zizi ulitazama ziwa, na asubuhi akikamua, ng'ombe wakiwa katikati, pale pale baba alipokuja kuzikwa baadaye, alikuwa akiona mlima wa mawe wa upande wa mjini. Kwenye mlima huo kuna jiwe lililobebwa na jiwe jingine. "Hilo la juu," alisema, "lilikuwa limejificha nusu nyuma ya kisiwa. Ukisogea kidogo tu unaliona lote, au hulioni kabisa."

Nilikwenda shambani asubuhi yenye hewa safi nikatafuta mahali ambapo kisiwa kilikata lile jiwe nusu. Nilipapata. Lakini nilipotembea kuelekea ziwani, jiwe liliendelea kubaki nusu, na nilipotembea kurudi nyuma, likabaki hivyohivyo. Yeyote aliyesoma hesabu za ramani anajua kwa nini. Alama mbili zilizopangana hukupa mstari, hazikupi nukta. Nilichomeka vigingi kuufuata mstari ule toka mwisho wa shamba hadi mwisho. Baba alikuwa juu ya mstari huo. Nilihitaji mstari mwingine wa kuukata, na watu wa kunipa mstari huo walikuwa wamekufa.

Shemeji alinikuta nimekaa kwenye kigingi cha mwisho.

"Waliokuwa wanajua ni wale sita," alisema. "Sisi tulikuwa tunawafuata."

Kesho yake nilikwenda mnadani nikamtafuta mchuuzi aliyewanunua. Alinikumbuka. Watano, alisema, walivuka ziwa na kuliwa mjini mwezi uleule wa nane. Wa sita, yule mzee wa pembe iliyoinama, aliyekuwa akifungwa mbele kushoto, mchinjaji alimkataa kwa kukonda. Basi mchuuzi akamuuza kwa mtu wa Mkolani abebe mchanga.

Mkolani niliijua. Nilizunguka penye mashimo ya mchanga mpaka nikamwona, amefungwa kwenye mkokoteni, kichwa chini, ile pembe imeinama vilevile. Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mchanga akila muwa.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri. Unataka mchanga au kokoto?"

"Namtaka ng'ombe."

"Huyu? Huyu ndiye injini yangu, bwana."

Nikamweleza kwamba alikuwa wangu, kwamba nilimuuza mwezi wa nane kwa elfu hamsini na tano. Akaniuliza kwa nini nilimuuza. Nikamwambia nilikuwa nanunua trekta.

"Na trekta ulilipata?"

"Ninalo."

Alicheka mpaka akautema muwa. "Yaani una tingatinga nyumbani, jipya, na umevuka ziwa kumfuata babu huyu! Limekushinda?"

"Halijanishinda. Kuna kitu halikijui."

"Na huyu anakijua?"

"Anakijua."

Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, na nikatambua kwamba nimezidisha neno moja.

"Sikiliza, kaka," alisema. "Ng'ombe wa kubeba mchanga ni elfu hamsini na tano, ndivyo ulivyomuuza, sivyo? Ng'ombe anayejua ni elfu tisini na tano."

Tulishindana mpaka adhuhuri. Hakupunguza hata shilingi, na alijua sitaondoka.

Kwenye kivuko abiria walitutazama njia nzima. Nilikuwa nimempata mtu wa kumswaga, nasi tulisimama naye nyuma, karibu na mnyororo.

"Mzee!" alinipigia kelele mama mmoja mwenye tenga la dagaa. "Ng'ombe wote wanavuka kwenda mjini, huyo wako anarudi. Amepewa likizo?"

"Amestaafu," mwingine akamjibu kabla yangu. "Wamempa kiinua mgongo." Kivuko kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao.

Tulimpumzisha siku mbili. Siku ya tatu jirani alituazima dume la kumfunga naye nira, kwa sababu peke yake hakuwa amezoea, na tukaikokota plau ya zamani ya kaka, ile iliyobaki kwa kuwa mnadani hakuna aliyeitaka. Nilianza ukingo wa juu. Jirani alishika plau, mimi nilitembea pembeni nikiwa na vigingi begani. Tulikwenda mpaka mwisho na kurudi, tukasogea upana wa tuta, tukaenda tena. Hakusimama. Alitembea kichwa chini kama alivyokuwa Mkolani, na nilianza kufikiri kwamba nimenunua nyama iliyokonda kwa bei ya trekta. Jua lilikuwa limepanda.

Kisha akasimama.

Alisimama taratibu, si kama aliyechoka wala aliyeshtuka. Nilipiga jicho kutoka kigingi hadi kigingi. Mstari wa lile jiwe la mlimani ulipita chini ya tumbo lake, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma.

Sikutaka kuamini haraka. Mnyama mzee anaweza kusimama popote. Nilimpigia mluzi. Dume la jirani lilivuta, nira ikapinda, yeye akabaki pale.

"Mchape kidogo," jirani alisema.

"Hapana."

"Basi mwambie. Kaka yako si alikuwa anamwambia?"

Maneno yale sikuwahi kuyasikia kwa karibu. Tulisimama pale, watu wawili na ng'ombe wawili, katikati ya shamba tupu, mpaka shemeji, aliyekuwa akitutazama kutoka ukingoni, akaja akitembea juu ya mabonge ya udongo. Alifika ubavuni kwa maksai, akafungua kitambaa kichwani, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini isiyokuwa yake kabisa, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mzee, tunapita. Tunalima chakula cha watoto wako."

Maksai akaondoka.

Tulijaribu kutoka upande wa pili. Alisimama palepale. Tulijaribu kwa kukingama, tukiwa tumeufuata mstari wenyewe wa vigingi. Alisimama palepale, na kila mara alingojea maneno. Mara ya mwisho niliyasema mimi, kofia ikiwa mkononi. Nimejaribu kujieleza tangu hapo. Ng'ombe wana pua kali, na zizi la miaka mingi huenda halipotezi harufu yake hata plau ikipita. Ni maelezo yanayofaa. Lakini harufu ya zizi ni ya zizi zima, na yeye hakusimama zizini kote.

Tulimleta mama kwenye tela, juu ya godoro, trekta likivuta kwa gia ya chini kabisa. Ilikuwa kazi ya kwanza ya tela lile. Tulimshusha akakaa chini, akachota udongo akauvunja vidoleni.

"Laini sana," alisema. "Nani kalima hapa?"

"Ni trekta, mama. Kabla sijajua."

Aliendelea kuuvunja. "Limelima vizuri," akasema, kisha akainama akaanza kuongea na mumewe, na sisi tukasogea mbali.

Alifariki mwezi wa pili. Tulichimba upande wa kushoto wa jiwe nililolirudisha kutoka kwenye rundo liwe alama pale maksai aliposimama. Walipofika usawa wa kifua, wachimbaji waliniita. Ukuta mmoja wa shimo, wa upande wa jiwe, ulikuwa na udongo mweusi, mwepesi, unaomomonyoka kama samadi iliyokaa sana. Ukuta wa pili ulikuwa udongo mwekundu wa kawaida. Samadi haifiki kina kile ila pamewahi kuchimbwa. Niliwaambia wasiuguse ule mweusi. Tukamlaza mama.

Trekta limefanya kazi misimu mingi tangu hapo. Halijajifunza. Kila mwaka mimi ndiye ninayelisimamisha, ninayeinyanyua plau na kusema, na siku nitakapokuwa sipo, mtu mwingine itambidi aambiwe. Kuna jambo moja tu ambalo sijalipatia jibu. Tukikaribia lile jiwe, kabla sijagusa kitu, mngurumo wa injini hushuka kidogo. Nimebadilisha filta, nimebadilisha mpira wa dizeli, pampu nimeipeleka mjini ikapimwa, ikarudi nzima. Bado hushuka.

Maksai aliishi nasi misimu miwili bila kufanya kazi yoyote, na alipokufa hakuliwa. Gharama yake niliijumlisha pamoja na ya plau, haro na tela, kwa kuwa ni kifaa ambacho trekta lilikuja bila yake. Nilimuuza elfu hamsini na tano, nikamrudisha kwa elfu tisini na tano, na kivuko pamoja na mswagaji vikachukua elfu nne na mia tano. Hasara yote ni shilingi elfu arobaini na nne na mia tano.